Mlio Ule Haukuwa wa Bunduki ya Papa Mulumba

Juzi mlikuja kwangu, nyinyi vijana watano wa kuhariri video, kila mmoja na simu yake, mkaniuliza nimewezaje kukata sauti na picha miaka yote hiyo bila kuwa kiziwi. Niliwapa chai, nikawaeleza mambo ya mashine, mkaandika. Mlipoondoka nilibaki na hasira, na aliyenikasirisha ni mimi mwenyewe, maana niliwaambia yote isipokuwa lile moja. Basi nawaandikia sasa. Mkiona mwandiko umepinda, mjue ni macho ya mtu aliyekodolea skrini ndogo kwa muda mrefu, si pombe.

Mimi ni mtoto wa reli. Baba alitoka Kasai akiwa kijana, akaja kupanga mabehewa hapa stesheni ya Kindu, akaoa, akazeekea hapa hapa. Kazi niliianzia redioni, kabla ya vita, chini ya Papa Denis, fundi mitambo, mtu mfupi aliyenukia sabuni ya kufulia na ambaye hakuwahi kunisifu hata siku moja. Enzi hizo sauti ilikuwa kitu cha kushika mkononi. Unavuta utepe polepole mbele ya kichwa cha mashine mpaka usikie neno linapoanza, unatia alama kwa penseli nyeupe, unakata kwa wembe, na unakata mshazari. Ukikata wima, kwenye muungo panalia.

"Georgette," aliniambia wiki ya kwanza, "muntu akisema, anapumua. Ukitosha pumuzi yake, ule haiko muntu tena."

Nisiziondoe pumzi, alimaanisha; nilimsikia kwa sikio moja. Wiki hiyo hiyo nikazikata pumzi zote za mkubwa mmoja wa serikali ili hotuba yake ienee kwenye dakika tano. Ikasikika kama bata anayefukuzwa uani. Papa Denis hakunigombeza. Alinipigisha magoti sakafuni niokote vile vipande vya utepe, kimoja kimoja, nivirudishe vyote. Vingine nikavipachika pasipo pake, na mkubwa yule akasikika hewani akivuta pumzi katikati ya jina lake mwenyewe. Nyinyi mnacheka, lakini mimi nilijificha chooni mpaka saa ya kurudi nyumbani.

Halafu vita vikaja. Reli ikanyamaza, boti zikakoma, Kindu ikabaki peke yake na mto wake. Alasiri moja tulikuwa tunarekodi wamama wa kwaya kwenye studio yetu ndogo. Walipofika ubeti wa tatu, risasi zikaanza upande wa bandarini. Wamama wakalala chini, mimi nikalala chini, mashine ikaendelea kuzunguka kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuizima. Tepe zilikuwa adimu wakati ule, tulifuta kila kitu ili kurekodi upya, hata harusi yangu ilifutwa kwa ajili ya tangazo la maji. Lakini utepe ule Papa Denis alikataa. "Hii hatufute," alisema. "Siku moja watasema haikukuwa." Miaka mingi baadaye, kompyuta zilipofika, yeye akiwa ameshazikwa, niliuingiza ndani ya kompyuta kwa mikono yangu, na nilijiona nimefanya jambo kubwa.

Sasa niwaambie kuhusu walengaji. Juzi mmoja wenu alisema "watu wa bunduki" kwa sauti ile nzito ya filamu, wengine mkacheka. Mimi pia nilikuwa nawaza hivyo. Sirkili, yaani klabu, ya walengaji ya Kindu ilianzishwa na watu wa reli, wenyeji wa Kasai na Katanga, waliokuwa wakienda kupiga sahani za bati kila Jumapili baada ya misa, pale kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, karyeri kama tunavyoita, barabara ya Kailo. Wawindaji wenye kibali wakajiunga nao na kalibre 12 zao. Vita vilipokuja, mwenye bunduki ya kuwindia alishukiwa na kila upande. Wengine walizitoa, wengine walikimbia, wengine hawakurudi, na majina ya hao siyaandiki hapa kwa sababu wake zao wapo na wanasoma.

Amani iliporudi na vibali vikatolewa tena, hawakuweza kupiga. Mlio mmoja tu, na mtaa mzima ungekuwa barabarani na magodoro vichwani. Ndipo wakajiwekea desturi yao. Siku ya mchezo, mmoja wao anapanda kinga, yaani baiskeli, anafunga kipande cha reli kwenye usukani, anapita mtaa kwa mtaa akikigonga kwa bolti na kutangaza: "Leo ni muchezo! Musikimbie! Ni sirkili ya karyeri!" Wenzake wanabaki machimboni wameketi, bunduki zimefunguliwa juu ya magoti, hazina kitu ndani, mpaka arudi. Wakati mwingine ni saa tatu nzima. Akirudi na habari kwamba mahali fulani kuna matanga, au kuna mama amejifungua na anaomba utulivu, wanafunga mizigo na kwenda nyumbani bila kupiga hata moja. Nimeliona hilo kwa macho yangu mara mbili. Watu waliotembea kutoka Kailo kwa miguu, wakageuka na kurudi kwa miguu, wakizungumza habari za mpunga.

Na wakishapiga, wanatandika mkeka. Kila mtu anaweka ganda lake la risasi pale katikati na kulijibu: alilenga wapi, likaenda wapi. Amekosa, anasema amekosa. Na hakuna anayejibu ganda la mwenzake, hata kama ameliona kwa macho likipita pembeni. Hiyo kwao ndiyo sheria ngumu kuliko zote.

Katika hali hiyo ndipo Didier alipotua kutoka Kinshasa na shindano lake la televisheni. Wakati huo mimi nilishahamia kwenye televisheni yetu ndogo, na ofisi ikanitoa niwe mkataji wake. Didier hakuwa mtu mbaya, naomba mnielewe. Alikuwa na akili nyepesi na viatu vyeupe, na alisalimia wafagiaji. Walengaji kumi na wawili, kila wiki mmoja anarudi nyumbani, wa mwisho anabeba kombe. Mashindano ya namna hiyo nilishayaona kwenye dekoda, yale ya nchi za mbali: walengaji wanasaga meno, ngoma inadunda chini kwa chini, halafu mtu anakalishwa peke yake kwenye kiti, taa usoni, anawasengenya wenzake. Didier alikitaka kiti hicho. Akakiweka, na wa kwanza kukikalia alikuwa Amisi, mwindaji wa Kailo.

"Mupinzani wako unamuona namna gani?" Didier akamuuliza.

"Nani?"

"Ule mulishindana naye leo."

"Ule? Ule ni shemeji yangu."

"Lakini amekushinda!"

"Ndiyo. Mi nilivuta mbio. Mukono ilitetemeka."

"Na yeye? Hakukufanyia ujanja?"

Amisi akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Alinipatia maji ya kunywa," akasema.

Kumi na wawili walikaa kwenye kiti kile, na kumi na wawili walijibu risasi zao wenyewe, hakuna zaidi. Mzee kuliko wote, Papa Mulumba, dereva wa treni mstaafu, aliulizwa kama anawachukia vijana wanaotaka nafasi yake. Akaomba aulizwe tena, polepole, maana alidhani hakusikia vizuri. Didier akanijia chumba cha kukatia ameshika kichwa.

"Mama Georgette, hawa watu hawajui kugombana?"

"Wanajua sana," nikamwambia. "Siyo wakiwa na fizi mukononi."

Nilisema hivyo, na fizi kwetu ni bunduki, halafu nikageuka kwenye kompyuta nikafanya alichotaka. Sitasingizia kwamba nililazimishwa. Nilikuwa fundi hodari, na fundi hodari hupenda kuonyesha. Kinga na kipande cha reli, nikavikata. Kungoja, nikakata. Mkeka na maganda, nikakata. Maneno ya Amisi, "mukono ilitetemeka", aliyoyasema juu ya mkono wake mwenyewe, nikayalaza chini ya uso wa Papa Mulumba, ukaonekana uso wa mzee anayesemwa na kuumia. Kumbe siku ile Papa Mulumba alikuwa anatazama nyuki kwenye kofia yake. Kazi ya dakika mbili, vijana wangu. Mnaijua, mnaifanya kila siku.

Kikabaki kitu kimoja. Mlio. Maikrofoni ilikuwa imewekwa mbali, na bunduki ya Papa Mulumba kwenye rekodi ilisikika kama ubao unaoanguka. "Iko ndogo," Didier akasema. "Tafuta ya nguvu." Nami nilijua ya nguvu iko wapi. Sikuhangaika hata nusu saa. Niliufungua ule utepe wa kwaya, nikachagua mahali ambapo sauti za wamama hazisikiki, nikanyofoa sekunde chache, mbili kwanza, nafasi, halafu tatu mfululizo. Nikazibandika juu ya picha ya mzee anayevuta bunduki yake ya risasi moja. Nilifanya yote nimevaa kaske masikioni, sauti chini kabisa, kwa sababu siku hiyo sikio la kushoto liliniuma. Papa Denis alinifundisha kwamba kazi ikiisha uende kuisikiliza kwenye spika mbovu kuliko zote mjini, na mimi sikwenda. Kosa la ufundi ni hilo. Lile kosa lingine mnaliona wenyewe.

Tangazo la shindano lilirushwa Jumamosi, saa nne asubuhi, siku ya soko. Baa moja ya bandarini ilikuwa imetoa spika zake kubwa nje. Mimi nilikuwa ninanunua samaki, ninabishania bei, na niliposikia, miguu ilikimbia kabla sijafikiri lolote. Ndiyo, nilikimbia. Niliikimbia kazi ya mikono yangu mwenyewe. Nilifika nyuma ya ghala nikiwa nimeacha kikapu na kiatu kimoja, na tangazo liliporudia mlio ule, ilipofika ile nafasi kabla ya zile tatu, nikajikuta nimezihesabu risasi. Nikasimama. Watu walikuwa wananipita pande zote mbili na hakuna aliyepiga kelele. Watu wa Kindu wakikimbia bunduki hawapigi kelele, wanaokota watoto, wowote walio karibu, wa kwao au si wa kwao. Nilimwona mwendesha pikipiki ana watoto wawili makwapani, na nilijua hana mtoto hata mmoja. Nikasimama pale nikiwatazama, na nilitamani ardhi inimeze.

Mitumbwi ilisukumwa majini imejaa kupita kiasi. Mama Sifa, muuza samaki wa Lokandu, alirukia wake, akateleza, akaangukia kati ya mtumbwi na ukingo, mkono ukavunjika mahali pawili. Hakufa mtu. Namshukuru Mungu kwa hilo kila asubuhi, na kila asubuhi naona aibu kumshukuru.

Kabla ya jioni mji ulishapata mwenye kosa. "Ni wale wa sirkili. Tuliwaachia wacheze, wameturudishia vita mu televizyo." Bunduki zao zikachukuliwa na serikali, shindano likasimamishwa, Didier akapanda ndege akiwa na viatu vyake vyeupe. Na kwa kuwa kwenye skrini aliyevuta alikuwa Papa Mulumba, mlio ule ukawa wake. Sokoni walikataa kumuuzia mke wake hata mboga ya sombe. Vijana waliandika maneno kwenye mlango wake kwa makaa. Sirkili iliyomchukua miaka kuifufua ilikuwa inakufa, na mtu pekee aliyejua ule mlio ulitoka wapi alikuwa mimi. Nilikaa kimya siku nne. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja wa kustaafu, na nilijiambia mambo yatapoa.

Siku ya tano walengaji walikutana machimboni, mikono mitupu. Ofisi ilinituma nikawaeleze kwamba picha zao hazitaonyeshwa tena. Nilikuta mkeka umetandikwa. Wakanipa nafasi, nikaketi nao. Papa Mulumba akaanza.

"Siku ile ya kamera nilipiga moja. Nililenga sahani ya tatu. Ilivunjika."

Amisi akasema yake. Shemeji yake akasema yake. Kumi na wawili wote, mmoja baada ya mwingine, ile moja aliyopiga na ilipokwenda. Hakuna aliyesema kwamba mlio wa bandarini haukuwa wa bunduki zao. Hakuna aliyenitazama. Wa mwisho alipomaliza, hawakuinuka. Walikaa wakatazama mkeka, jinsi walivyozoea kungoja kinga irudi kutoka mitaani. Papo hapo nikaelewa kwamba wanajua, wote, na walijua tangu Jumamosi, na kwamba wangekaa pale mpaka jua lizame na wangerudi makwao na kupoteza kila kitu, bila kunigusa kwa neno. Nimefanya kazi na maaskofu na magavana, nimewakata na kuwaunga, lakini watu wakubwa kama wale sijawahi kuwaona.

"Ile ilikuwa yangu," nikasema. Nikawaeleza yote, utepe, wamama wa kwaya, Papa Denis, kaske.

Hakuna aliyenikaripia. Kwa mara ya kwanza nilitamani sana kukaripiwa. Baadaye, tukitembea kurudi mjini, nilimuuliza Papa Mulumba kama kweli alijua.

"Nimeendesha treni maisha yangu yote," akanijibu. "Mulio ya kitu yangu naijua."

"Na kwa nini hukusema?"

"Haikukuwa yangu kuisema, mama."

Kesho yake nilikwenda redioni nikalisema kosa langu hewani, kwa jina langu, bila kukata pumzi hata moja. Ofisi ikanistaafisha wiki hiyo hiyo. Halafu Papa Mulumba na mimi tukaenda kwa Mama Sifa, aliyekuwa amelala kwa dada yake, karibu na bandari.

"Wewe njo uliniangusha?" akaniuliza, bila salamu.

"Ndiye mimi, mama. Nisamehe."

"Nitakusamehe kiisha. Kwanza nipe jibu. Zile zilikuwa za kweli?"

"Za kweli. Za wakati wa vita."

"Nilijua," akasema. "Masikio yangu haiko ya wazimu. Dada yangu anasema ni televizyo tu, ni muchezo tu. Sasa ukisema hivi, napona kidogo." Kisha akamgeukia Papa Mulumba. "Sitaki mbuzi yenu, sitaki mupunga yenu. Wakiwarudishia zile fizi, munipeleke pale. Nataka kusikia yenyewe. Nisipoisikia, mulango wowote wakiufunga na nguvu, mi nakufa."

Bunduki zilirudishwa baada ya majuma kadhaa. Jumapili iliyofuata kinga ilipita mitaa yote, ikarudi, na watu wengi wa mjini walikuja wenyewe kusimama juu ya ukingo wa machimbo. Hapakuwa na kamera. Mama Sifa aliwekewa kiti hatua chache nyuma ya Papa Mulumba, mkono umefungwa kwa kitenge. Sahani moja ikatundikwa. Papa Mulumba akatia risasi, akafunga bunduki, akaipandisha begani.

"Ngoja," Mama Sifa akasema.

Akaishusha, akaifungua, akatoa risasi, akaiweka mfukoni. Akangoja. Watu wote wakangoja. Baada ya muda mrefu mama akatikisa kichwa kukubali, na mzee akaanza upya, akatia, akafunga, akapandisha.

"Ngoja kwanza."

Akashusha tena, akatoa risasi tena, uso wake ule ule. Mara ya tatu Mama Sifa aliinuka kabisa, akaondoka, akaelekea barabarani. Tulidhani ndiyo basi. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyeguna, wala mtoto hakulia. Watu kumi na wawili wenye bunduki, na mji mzima nyuma yao, walikuwa wamesimama juani wakimngoja muuza samaki mmoja aamue mwenyewe. Nilikuwa nalia na sikujificha. Maisha yangu yote kazi yangu ilikuwa kuondoa dakika za namna hiyo.

Akarudi. Akaketi. Akakishika kiti kwa mkono wake mzima.

"Piga."

Sahani ikapasuka. Mwangwi ukagonga mawe mara moja, ukaisha, na kunguru wawili wakahama mti. Mama Sifa aliitazama ile bunduki, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Njo hii tu?"

"Njo hii tu, mama," Papa Mulumba akamjibu.

Akakiachia kiti, akauweka mkono wake juu ya goti.

"Piga tena."